Chandarua cha Rangi ya Mkandaa

Mimba yangu ya kwanza ilitoka watu wakivuna mtama. Ya pili ilitoka masika yakiwa yamepamba moto. Zote mbili zilitanguliwa na baridi, baridi ya mchana kweupe, jua limesimama utosini, nami nimejifunika khanga tatu na mkeka juu yake, meno yananigongana hata naogopa yatavunjika. Hii ya tatu ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ya tatu ilikaa.

Sikusomea uganga wa hospitali. Hata kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari bibi wa watu. Kwa hiyo anayetaka kujua malaria inafanya nini ndani ya damu na awaulize wanaojua. Mimi najua inachofanya ndani ya nyumba. Namwandikia mwanamke mwenye mimba ambaye hivi sasa amelala anatetemeka, watu wamemzunguka, kila mmoja na dawa yake mdomoni. Mwanangu, mimi nilikuwa papo hapo ulipo.

Zilikuwa siku za Mwingereza, baada ya ile vita kuu ya pili. Tuliishi kijiji kimoja kando ya mikoko, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu hadi Kivinje. Mimi si mtu wa pwani. Nilizaliwa milimani, Umatumbini, nikateremka huku kwa ndoa. Mume wangu Saidi alikuwa mkata boriti. Alikata nguzo mikokoni na kubambua magome ya mkandaa, yale magome mekundu yanayotia rangi ngozi na nyavu za wavuvi. Akiingia huko alikawia hadi nikaanza kusahau mlio wa kikohozi chake. Nyumbani nilibaki na mama yake.

Mama mkwe wangu aliitwa Bi Hadija. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyomzidi umbo. Ndiye aliyekuwa mwosha wa kijiji chetu. Mwanamke akifariki, anaitwa Bi Hadija, anatoka na ndoo yake na shuka lake jeupe, na watoto waliokuwa wakicheza njiani wananyamaza hadi apite. Nyumbani alikuwa mkali kwa moshi, kwa kuku na kwa mtu aliyeacha kata ya maji chini. Nilimwogopa, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa msichana wa milimani, tena niliyempotezea wajukuu wawili.

Mimba ya tatu ilikuwa na miezi mitatu, pepo za kaskazi zinavuma, homa ilipopiga hodi. Ilikuja kwa zamu. Leo inanishika, kesho inaniacha nipike na kuchota maji, hata najidanganya nimepona, keshokutwa imerudi. Kwanza maumivu ya mwili mzima, halafu ile baridi, halafu joto la kukausha midomo, mwisho jasho linaloloanisha kamba za kitanda. Nikaanza kubadilika. Viganja vyangu vikawa vyeupe kama vya mtu aliyekuwa akifua tangu asubuhi. Upande wa kushoto chini ya mbavu pakavimba bandama, gumu, nikilala ubavu huo linanisukuma. Na nikala udongo. Nilikuwa nikitoka kama naenda kuokota kuni, nakwenda kumega kichuguu. Wakati ule hakuna kitu duniani kilichokuwa kitamu kuliko kichuguu kilichonyeshewa.

Wifi yangu Mwajuma, dada yake Saidi, aliona mdomo wangu una vumbi jekundu. Alikuja jioni kuzungumza na mama yake barazani, na ukuta wetu ulikuwa wa udongo na fito, hausitiri maneno.

"Mama, huyu damu yake haipatani na pwani," alisema Mwajuma. "Mbili zimekwenda, hii nayo inakwenda, utaona. Mwambieni kaka amrudishe kwao kwa wema. Aoe mtu wa hapa hapa."

Nilisubiri Bi Hadija amkemee. Hakumkemea.

"Ikitoka hii," alisema, "tutazungumza."

Basi nikajua nilichokalia. Si mimba peke yake. Ilikuwa mimba na ndoa pamoja, zote mbili zinaning'inia kwenye uzi mmoja, na homa ina mkasi.

Nisije nikamsingizia Bi Hadija. Alihangaika nami. Alinifukiza kwa majani ya mchaichai na kivumbasi hadi nikatoka nanukia kama chai. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nikaandikiwa kombe, aya kwa wino wa zafarani katika sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji nikanywa. Sizidharau dawa hizo. Zilinitia nguvu moyoni, na moyo nao una kazi yake. Lakini homa ilisubiri zamu yake ikaja vilevile.

Saidi alipotoka mikokoni akanikuta nimekuwa macho matupu. Alikwenda kuazima baiskeli, akafunga mto kwenye kiti cha nyuma kwa kamba, akanipandisha.

"Unampeleka wapi?" aliuliza mama yake.

"Hospitali ya Kivinje, Mama."

"Huko wataangusha mimba kwa kwinini."

"Mama, mbili za kwanza hazikuonja kwinini."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Saidi akimjibu mama yake. Sauti ilimtetemeka kuliko mimi.

Mtu akikuambia habari za hospitali atakuambia za sindano. Mimi nakumbuka baraza. Tulikaa wanawake tele, tumejipanga ukutani, anayefika anasogezewa nafasi hata kama hakuna. Palikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na ya maembe mabivu, maana kila mtu alikuja na chakula chake. Baridi iliponianza, mama mmoja nisiyemjua alivua khanga yake ya juu akanifunika bila kuniuliza jina, akabaki amejikunyata na moja. Hadi leo sijui alikuwa nani. Namwombea kila Ijumaa kwa jina la "yule wa khanga."

Tukiwa pale akaja Bwana Afya, ndivyo tulivyomwita mtu wa Serikali aliyezunguka kukagua visima, vyoo na madimbwi. Alikuja na chupa mbili za jamu zilizofungwa kitambaa mdomoni, ndani yake mbu. Tukaguna. Mbu wa nini tena, kama kwamba kwetu hatuna!

"Tazameni anavyokaa huyu wa kwanza," alisema. "Amelala sambamba na kioo. Huyu ndiye anayewaimbia masikioni. Sasa mtazameni wa pili."

Chupa ikapita mkono kwa mkono. Mbu wa pili alikuwa mwembamba, kichwa amekiinamisha, sehemu ya nyuma ameiinua juu.

"Ewe!" alisema mwanamke mmoja. "Huyu amesujudu!"

Baraza zima likacheka, hata wagonjwa. Bwana Afya naye akacheka, kisha akasema kwamba huyo msujuduji ndiye mwenye homa. Hana makelele. Huja giza likishatanda, watu wameshalala, akanyonya damu taratibu, halafu kwa kuwa tumbo limekuwa zito hawezi kuruka mbali, hutua ukutani hapo hapo karibu na kitanda, akainama vile.

"Mnafiki mkubwa!" alisema yule mwanamke. "Kumbe anasali na damu yetu tumboni."

Bwana Afya akaendelea. Dume, alisema, hana haja na damu, yeye hunyonya maji ya maua. Anayeuma ni jike. Anatafuta damu ili mayai yake yapate kukomaa.

"Kwa hiyo," niliuliza mimi, na nilikuwa sijafungua mdomo tangu asubuhi, "naye ana mimba?"

Alifikiri kidogo. "Ndiyo, mama. Tuseme ana mimba."

Sikucheka tena. Nilikaa nikamtazama ndani ya chupa, nikashika tumbo langu. Kumbe usiku wote ule nyumbani mwetu tulikuwa wajawazito wawili tunagombea damu moja, na mwenzangu ndiye aliyekuwa akishinda.

Nililazwa. Dresa, msaidizi wa daktari, alinitoboa kidole akapima damu, nikachomwa sindano za kwinini, kisha nikapewa vidonge vyake, vichungu vya kukunja uso hadi kisogoni. Kwa ukali wa dawa, nyenje wakahamia masikioni mwangu wakalia usiku na mchana. Watu wakizungumza nami naona midomo tu. Nilimwambia nesi, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akipita na beseni, kwamba naogopa dawa itaitoa mimba. Aliinama akasema kwa sauti kubwa ili nimsikie, na wodi nzima ikasikia: "Mwanangu, homa ndiyo iliyozitoa zile mbili! Meza!" Nikameza. Alasiri moja nesi huyo huyo alinifungua nywele, akaniosha, akanisuka mistari mitatu mikubwa, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Nililia wakati ananisuka. Alidhani anavuta sana.

Siku ya kutoka akaniletea chandarua. Kilikuwa cha shashi nyeupe, kimetumika wodini hadi kikajaa viraka, wakataka kukitoa. Akanifundisha kukifunga pembe nne na kuchomeka ncha zake chini ya mkeka kila upande, usiachwe upenyo. Nilikipakata kwenye baiskeli njia nzima kama mtu aliyepakata mtoto.

Tulipofika, Bi Hadija hakuwepo. Saidi akakata fito nne, akazifunga kwenye miguu ya kitanda, akatundika. Nikaingia ndani nikajinyoosha. Jua la alasiri lilipita dirishani likaangukia kile kitambaa, ndani pakawa na mwanga mweupe mtulivu, nami kwa mara ya kwanza tangu kaskazi ianze nikajihisi nimefunikwa na kitu kinachonipenda. Nikasinzia.

Nilichokijua baadaye ni kwamba Bi Hadija alikuwa ameitwa kijiji cha pili. Msichana wa rika langu alikuwa amefariki katika kujifungua, na yeye ndiye aliyemwosha. Alirudi amechoka, ndoo mkononi, akasukuma mlango wa chumba chetu ajue kama tumefika.

Ndoo ilianguka. Nilishtuka nikamwona amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Innalillahi," alisema. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun."

Akaja mbio, akakamata kile kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta hadi fito mbili zikavunjika.

"Saidi! Nani amekwambia umlaze mkeo hivi? Umewahi kuona wapi mwanamke mzima kawekewa nguo nyeupe pembe nne? Wapi?"

Asiyezijua desturi zetu atashangaa. Mwanamke anapooshwa baada ya roho kutoka, wanawake wanne husimama na shuka jeupe, kila mmoja na pembe yake, wakalitandaza juu yake ili sitara yake isivunjwe hata na macho ya waoshaji. Bi Hadija alikuwa ametoka chini ya shuka hilo saa ile ile. Maji ya yule marehemu hayajakauka miguuni mwake, na sasa anafungua mlango, anamkuta mke wa mwanawe, mwenye mimba vilevile, amenyooka, amefumba macho, na nguo nyeupe imetandazwa juu yake.

"Ni chandarua, Mama," alisema Saidi. "Kimetoka hospitali. Kinazuia mbu."

"Mbu? Mwanangu, msiba hauitwi. Unaijua njia wenyewe."

Saidi alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Chandarua kikakunjwa kikatupwa darini. Nilimkasirikia Bi Hadija hasira ya kimyakimya, na nilimwelewa pia, jambo ambalo lilinichosha zaidi. Alinichomea kivumbasi kila magharibi, moshi ukatutoa machozi sote. Mbu wenye kuimba wakakimbia. Alfajiri nikiamka namwona msujuduji ukutani, karibu na mto wangu, tumbo jekundu.

Saidi alirudi mikokoni. Vidonge viliisha, masika yakaingia, madimbwi yakajaa kila penye unyayo wa ng'ombe, na homa, iliyokuwa imeniacha majuma kadhaa, ikanirudia. Mimba ilikuwa na miezi sita. Mtoto alikuwa ameanza kucheza. Mchana mmoja mvua inapiga makuti, nimelala nawaka moto, nikaona kwenye khanga yangu doa la damu. Dogo, kama lililodondoka kwenye kidole kilichochomwa sindano. Nililijua. Wenzake wawili walianza hivyo hivyo.

Bi Hadija alikuwa amekaa pembeni yangu, ananikanda paji la uso kwa kitambaa cha maji. Aliliona yeye pia. Mkono wake ukasimama.

"Mama," nikasema. "Shuka lako lina pembe ngapi?"

"Nyamaza. Homa hiyo inasema."

"Lina nne. Nani atanishikia moja? Ya kichwani?"

"Somoe, nimesema nyamaza." Hakuwa akiniita jina. Siku zote alikuwa akiniita "mwana wa watu."

"Mama, mimi chini ya nguo nitalala tu," nikasema. "Ama ile ya darini, ama hiyo yako. Nichagulie wewe."

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka na joto. Bi Hadija alinitazama, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, nikaona anaogopa. Nilikuwa nimedhani mtu anayeosha maiti haogopi. Kumbe ndiye anayeogopa kuliko wote, maana anajua uzito wa kila mmoja wao.

Akanyanyuka, akachukua ngazi, akashusha chandarua darini, akatoka nacho mvuani. Nikasema basi, amekwenda kukitupa baharini. Nikageukia ukuta nikalia.

Baadaye nikasikia harufu. Harufu kali, ya kukausha ulimi, kama ya ngozi mpya na kuni mbichi. Ilitoka jikoni. Nikasikia na sauti ya Mwajuma.

"Mama! Sufuria ya shughuli! Ile ya ubwabwa!"

"Ndiyo kubwa," alijibu Bi Hadija. "Koroga."

Siku ya pili yake mvua ilikatika kidogo, na alasiri akaingia chumbani. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni, wekundu wa kahawia, kama mtu aliyepakwa hina na mpakaji asiyejua pa kuachia. Begani alibeba chandarua. Kilikuwa na rangi ile ile, rangi ya magome ya mkandaa ambayo mwanawe aliyaleta nyumbani kwa kazi nyingine kabisa. Alikuwa ameyachemsha akakitumbukiza, akakianika jikoni juu ya moto.

Alifunga fito mpya mwenyewe. Hakutaka msaada wa mtu.

"Cheupe ni cha maiti," alisema, huku akichomeka ncha chini ya mkeka, upande baada ya upande. "Hiki sasa ni jarife, wavu wa samaki. Wavuvi wanachovya nyavu zao katika rangi hii hii zisioze, na sijapata kumwosha mtu nikamvika jarife. Lala."

Nikalala. Mwanga wa ndani ulikuwa wa kahawia, kama chai ya rangi. Asubuhi yake Bi Hadija alimtuma mtu mikokoni kumwita Saidi, na baiskeli ikaazimwa mara ya pili, nikaenda nikarudi na vidonge vingine. Doa halikuongezeka. Sisemi ni chandarua peke yake, wala sisemi ni kwinini peke yake, wala kombe. Nasema Alhamdulillah kwa vyote.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Kabla ya magharibi alikuja kukagua kama kuna tundu, na akilikuta analishona kwa uzi wa kushonea vipochi vya ukili, mshono mnene usio na urembo wowote. Alfajiri akitoka kuswali alipitia na koroboi yake, akasimama kando ya kitanda na kuhesabu wageni. Walikuwa wametua nje ya kile kitambaa chekundu, vichwa chini, nyuma juu, wembamba, hawana hata tone tumboni.

"Hao," alisema asubuhi moja. "Wamekuja kuswali, msikiti umefungwa."

Nilicheka hadi mtoto akapiga teke. Akaweka kiganja chake chenye rangi juu ya tumbo langu, juu ya lile teke, akakiacha hapo. Katika maisha yangu nimepewa vitu vingi, hata nyumba, lakini nikiulizwa nilipewa nini kikubwa nitasema kiganja kile.

Rangi ilimkaa mikononi muda mrefu. Alikwenda kuosha maiti akiwa nayo, na wanawake walipomuuliza, alijibu, "Nilikuwa navua." Hawakuelewa. Nilielewa mimi.

Mtama ulipoanza kuvunwa, ule ule wakati wa mimba ya kwanza, uchungu ukanishika. Aliyesema twende hospitali ni yeye. Alitangulia mbele ya baiskeli, chandarua kimekunjwa kichwani mwake, na kila aliyetuuliza kilichopo humo alijibiwa, "Vyombo." Yule nesi mnene alipoona kinatundikwa aliangua kicheko, akasema amewahi kuona vyeupe na vichafu, cha rangi ya kitoweo hajapata kukiona. Bi Hadija akamwambia asubiri aone samaki wake.

Nikajifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye kelele. Tukamwita Salama. Bibi yake hakumwita Salama hata siku moja. Alimwita Samaki Wangu, na alipokua akawa anaitika. Ubwabwa wa arobaini ulipikwa kwenye ile sufuria ya shughuli, na ingawa ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na majivu, ubwabwa ukatoka na wekundu. Wageni walidhani ni bizari ya Kihindi, wakasifu.

Homa haikutuhama. Nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Ilinirudia mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na Salama naye iliwahi kumlaza tukakesha. Lakini ilinikuta na damu mwilini na vidonge nyumbani, na haikuchukua tena kitu. Bwana Afya alipopita kumwaga mafuta kwenye madimbwi yetu alikuta vyandarua vya hospitali, vyekundu sasa, vimeanikwa nyumba hii na ile. Akauliza ni kwa nini, akaambiwa, akakaa chini akacheka, kisha akaomba aonyeshwe magome yanavyochemshwa. Alisema vijiji vya mbele akina mama wamevikataa vile vyeupe, na hakuna aliyemwambia sababu. Wifi yangu Mwajuma, yule yule wa "damu haipatani," alipopata ujauzito alikuja kuniazima changu. Nilimpa. Kwanza nilimuuliza kama ana hakika damu yake itapatana nacho, tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Wewe unayetetemeka sasa, mambo yangu ni machache. Nenda hospitali hata kama ni kwa baiskeli ya kuazima. Vidonge umeze hadi viishe, usiviache kwa sababu umeamka mzima. Ingia kwenye chandarua kabla yule mtulivu hajaingia chumbani. Na ndugu zako wakikikataa, usiwaite wajinga. Waulize wamewahi kukiona wapi.

Bi Hadija alifariki Salama akiwa ameshaolewa. Alikwenda kwa uzee, taratibu, kwenye kitanda chake. Siku hiyo mwosha hakuwepo wa kumtuma, maana mwosha ndiye aliyelala. Alikuwa amenifundisha mimi, miaka mingi nyuma, bila kusema ananifundisha kwa nini. Basi nilimwosha mimi. Wanawake wanne wakashika shuka, Salama akishika pembe ya kichwani, ile niliyomuuliza bibi yake siku ya homa.

Nilipofika mikononi nilichelewa. Rangi ya mkandaa ilikuwa imetoka miaka chungu nzima, lakini nilimimina maji viganjani polepole, mpaka viwikoni, mahali ilipokuwa imefika. Kisha nikatazama juu, nikaona nguo jinsi ilivyotandazwa, nyeupe, safi, pembe nne. Sikuiogopa. Nikamwinamia sikioni.

"Mama," nikamwambia, "sasa hiki cheupe ndicho chako. Kile kingine bado nimekitundika."